Istilahi za Mtambo wa Kuundia Upya Risasi: Uhakiki wa Mswada Mmoja

Wengi hudhani kwamba kusanifu istilahi ni kazi ya mezani tu: kamusi mbili tatu, karatasi, kalamu, na subira. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuuchambua mswada mmoja ulioletwa kwetu, kwamba ziko fani ambazo istilahi zake haziwezi kukatiwa shauri mezani peke yake, na kwamba afanyaye hivyo anaweza kumdhuru msomaji wake. Nayasema haya nikijihesabu mimi mwenyewe miongoni mwa waliokosa, kama itakavyoonekana huko mbele.

Mswada wenyewe una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza imeandikwa na mzee mmoja, mzaliwa wa pwani yetu, ambaye ameishi Marekani miaka mingi. Humo anasimulia jinsi alivyonunua mtambo mkuukuu wa kuundia upya risasi, akautengeneza kwa mikono yake, kisha akajifunza kuutumia. Sehemu ya pili ni tafsiri ya maelekezo ya Kiingereza yahusuyo mitambo ya aina hiyo. Tafsiri hii ilifanywa na kijana mwenye shahada, kwa ombi la mzee huyo, ili Waswahili wenzake wa huko wanaokwenda mawindoni wapate kuyasoma kwa lugha yao. Mimi niliombwa kuzitolea maoni istilahi za sehemu zote mbili.

Kwa faida ya wasomaji wasioijua kazi hii, yafaa tuieleze kwa ufupi. Huko Marekani wawindaji na walenga shabaha wengi hawalitupi ganda la risasi baada ya kufyatua. Ganda hilo ni la shaba nyeupe, nalo huweza kutumika tena mara kadhaa likiangaliwa vizuri. Mwenyewe huing'oa fataki iliyokwisha kulipuka, hulibana ganda lirudie kipimo chake kwa kuwa limetanuka kwa nguvu ya mlipuko, hupachika fataki mpya, hutia baruti iliyopimwa, na mwisho hupachika kichwa. Mtambo wa kufanyia kazi hiyo hufungwa mezani na huendeshwa kwa mkono. Viko viwanda vilivyojipatia jina kwa vyombo vya kazi hii, kama Lyman cha Connecticut, kilichoanzishwa mwaka 1878, na RCBS, kilichoanzishwa na Fred Huntington huko Oroville, California, mwaka 1943.

Pengine msomaji atauliza: Haya yanatuhusu nini sisi? Kwetu mtu hawezi kujiundia risasi nyumbani kwake apendavyo. Jambo hilo liko chini ya sheria. Lakini maneno ya kazi hii ndiyo yale yale anayoyahitaji karani wa mahakama anapoandika ushahidi, askari wa wanyamapori anapoeleza alichookota porini, na mwalimu anapofundisha historia ya bunduki katika pwani na bara. Ikiwa karani anaandika kwamba "risasi tatu zilikutwa chini," na hakimu hajui kama yalikuwa maganda matupu, au vichwa vilivyopondeka, au risasi nzima ambazo hazijafyatuliwa, basi upungufu huo wa lugha umekuwa upungufu wa haki.

Tuanze na sehemu ya kwanza. Mzee wetu hakusomea isimu, wala hajidai kuwa mwandishi. Hata hivyo Kiswahili chake ni cha kupigiwa mfano. Anasema mtambo ulikuwa wa chuma cha kusubu, umeliwa na kutu, na wenzo wake umeganda hausogei. Aliufunga kwenye jiriwa, akaumwagia mafuta membamba kwenye viungo vyote, akauacha siku kadhaa pasipo kuulazimisha. Kisha akazigonga pini taratibu kwa kipande cha shaba, kwa kuwa nyundo ya chuma ingeziharibu ncha. Kutu ya fremu aliiondoa kwa brashi ya waya. Lakini mchi, yaani ile nguzo ya chuma inayopanda na kushuka ndani ya fremu, hakuupiga msasa hata kidogo, maana mchi ukipunguzwa unene huchezacheza katika tundu lake, na ganda halitapanda wima. Aliusugua kwa kitambaa na mafuta hadi ukang'aa.

Msomaji atazame maneno hayo: jiriwa, wenzo, pini, fremu, mchi, msasa. Hakuna hata moja lililobuniwa kwa ajili ya mswada huu. Baadhi ni ya kale, baadhi ni ya mkopo yaliyokwisha kuzoewa katika karakana zetu. Neno mchi limetoka katika kinu cha jikoni, likahamia katika chuma bila ya kusumbua mtu, kwa sababu umbo ni lile lile na mwendo ni ule ule. Kadhalika anaposema kwamba tundu la juu la fremu lina hesi, yaani mikato ile inayozunguka, yenye kipenyo cha inchi 7/8 na mikato 14 kwa kila inchi, anaeleza jambo muhimu sana katika fani hii. Kipimo hicho ndicho kilichokuja kuwa cha kawaida huko, ndiyo maana mtambo wa zamani wenye hesi hiyo unaweza kupokea kalibu zinazouzwa leo. Aliupima kwanza, kisha ndipo akanunua. Kikamatio cha ganda, kwa upande mwingine, kilikuwa cha umbo la zamani lisilolingana na vya sasa, akalazimika kukitafutia adapta. Mtu aliyekwisha kufanya kazi huandika namna hii: kila neno lina kitu nyuma yake.

Sasa tuitazame sehemu ya pili. Nisingependa ieleweke kwamba mfasiri wake ni mvivu au mjinga. Sentensi zake ni safi, upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari, na mahali pengi ana ufasaha. Kosa lake ni kwamba hakuwahi kuuona mtambo. Aliyafasiri maneno, hakuvifasiri vitu. Makosa yaliyotokana na hali hiyo nayagawa katika mafungu manne.

(a) Maneno yaliyotolewa katika fani nyingine. Kalibu, yaani kile chombo kigumu cha chuma ambamo ganda huingizwa kubanwa, mfasiri ameiita "dadu," kwa kuwa neno la Kiingereza ni moja kwa vitu vyote viwili. Fataki ameiita "rangi ya kwanza," kwa sababu hiyo hiyo. Maana neno lile Waingereza hulitumia pia kwa rangi ya chini anayoanza nayo mpaka rangi. Hivyo msomaji anaambiwa atie rangi ya kwanza katika tundu la ganda! Fataki ni kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Asiyejua kwamba anashika kitu kinacholipuka hatakuwa na sababu ya kuvaa miwani ya kukinga macho, wala ya kusita anapoona inakataa kuingia.

La kusikitisha ni kwamba neno fataki halikuhitaji kutafutwa mbali. Kamusi zetu za zamani zinalo kwa maana hiyo hiyo, tangu zama za bunduki zilizoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Mwindaji wa gobore analijua. Vijana wengi leo hulijua kwa fataki za sikukuu tu, lakini maana ile ya kwanza haijafa.

(b) Majina ya risasi yenye tarakimu. Mfasiri amezichukua tarakimu zote kuwa ni vipimo vya urefu na upana, akaziandikia milimita. Hili si sahihi. Katika jina 30-06, tarakimu za kwanza zaonyesha sehemu 30 kati ya 100 za inchi, na za pili zaonyesha mwaka 1906, ambapo jeshi la Marekani liliipokea risasi hiyo. Katika jina 30-30, tarakimu za pili si mwaka, bali ni uzito wa baruti uliotumika hapo awali. Katika 45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, ni uzito wa baruti nyeusi. Lakini katika 7.62 kwa 51, ndipo tunapokuta milimita, na hiyo 51 ni urefu wa ganda. Basi majina haya hayafasiriwi. Huandikwa yalivyo, na maelezo yakihitajika yawekwe pembeni.

(c) Neno moja kwa vitu vitatu. Katika ukurasa mmoja wa tafsiri neno risasi limetumika kwa maana ya madini yanayoyeyushwa, kwa maana ya kichwa kinachoruka, na kwa maana ya kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Hapa siwezi kumlaumu mfasiri peke yake, kwa kuwa lugha yetu ndiyo iliyompa neno hilo na maana zake zote. Tumelipokea kutoka Kiarabu kwa maana ya madini, na kwa kuwa madini hayo ndiyo yaliyotengenezewa vichwa, jina likahama. Baadaye bunduki za maganda zilipoingia, jina likahama tena likafunika kitu kizima. Katika mazungumzo hakuna taabu. Katika maelekezo ya kazi, sentensi "pima uzito wa risasi" ina maana tatu tofauti, na mbili kati yake ni makosa.

(d) Kipimo cha baruti. Hili ndilo fungu zito kuliko yote, na hapa ndipo ninapolazimika kukiri. Wamarekani hupima baruti na vichwa kwa kipimo kidogo cha uzito ambacho jina lake la Kiingereza ni sawa na jina la mbegu moja ya nafaka. Ratili moja ni sawa na vipimo 7,000 vya aina hiyo, na gramu moja ni sawa na 15 na zaidi kidogo. Mfasiri aliandika "punje." Mahali palipotaka uzito wa vipimo 40, pameandikwa "punje 40 za baruti." Nami nilipousoma mswada kwa mara ya kwanza, niliipitisha istilahi hiyo. Niliweka alama ya kuikubali, na pembeni nikaandika kwamba ni fasiri nzuri yenye asili ya Kibantu. Niliridhika nayo kwa sababu ilipendeza.

Aliyetusahihisha sote wawili, mfasiri na mkaguzi, ni yule mzee. Aliandika kuuliza, kwa adabu kubwa, kama wataalamu tuna hakika. Maana yeye aliiweka baruti yake kwenye mizani, akaihesabu kwa koleo dogo chembe moja moja, akaona kwamba kipimo kimoja tu kilichukua chembe karibu 50 za baruti aliyokuwa nayo. Kwa hiyo msomaji ambaye angehesabu punje 40, kama lugha yetu inavyomwambia, asingefikisha hata kipimo kimoja kati ya 40. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu, na kikakwama humo. Mpigaji, akidhani kwamba risasi imeharibika tu, angetia nyingine na kufyatua nyuma ya kizuizi hicho. Mtutu hupasuka kwa namna hiyo, na aliyeushika hana salama.

Barua hiyo niliisoma mara nyingi. Kosa lile halikuwa la sarufi, wala la ufasaha. Kwa vigezo vyote tulivyozoea kuvitumia vya kupima istilahi, yaani ufupi, uzuri wa sauti, na asili ya Kibantu, "punje" ilifaulu. Ilishindwa katika kigezo kimoja tu ambacho sikukitumia: Je, mtu atakayeitii istilahi hii kama ilivyo, atafanya jambo gani kwa mikono yake?

Kwa msingi huo napendekeza yafuatayo, nikitumaini kwamba wasomaji watayapima.

Kwanza, kipimo kile kiitwe greni. Utohoaji hapa ni bora kuliko tafsiri, kwa sababu neno geni humfanya msomaji asimame na kuuliza, hali neno alilolizoea humpitisha akidhani ameelewa. Kwa wale wanaopenda mizizi ya nyumbani, itoshe kukumbusha kwamba masonara wa pwani walipima kwa tola, na tola moja ni greni 180. Kipimo chenyewe basi si kigeni kwetu, jina tu ndilo lililokosekana.

Pili, risasi ibaki kuwa jina la kitu kizima. Umma umekwisha kuamua hivyo. Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 tunaitaja kuwa ni ya silaha na risasi. Kinachoruka kiitwe kichwa cha risasi, kinachobaki kiitwe ganda, na chuma laini kinachoyeyushwa kiitwe madini ya risasi, kila mahali ambapo shaka inaweza kutokea. Chembe ndogo za bunduki ya ndege zinalo jina lao la zamani, marisaa, nalo litumike.

Tatu, kuna waliopendekeza kwamba tulifufue neno kiasi, ambalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya risasi iliyokwisha kutiwa baruti yake. Ni neno lenye mantiki. Zamani baruti ya mlipuo mmoja ilipimwa na kufungwa katika karatasi, na kile kifurushi kikaitwa kwa jina la kipimo chenyewe. Lakini leo kulirudisha kungetuletea sentensi kama "kiasi cha baruti cha kiasi," na tungekuwa tumetoka katika shimo moja na kuingia katika jingine. Si kila la kale lifufuliwe. Mzee wetu aliyahifadhi yote ya mtambo wake yaliyokuwa mazima, lakini pini iliyolika aliitupa, akachonga nyingine.

Nne, fataki irudishwe rasmi katika maana yake ya kwanza, na vitenzi vyake viwe kung'oa na kupachika. Ziko fataki za aina mbili kuu, ya Boxer na ya Berdan, zote za miaka ya 1860, na zimepewa majina ya wavumbuzi wake, Mwingereza na Mmarekani. Ganda la Boxer lina kitundu kimoja cha katikati cha kupitisha mwali, kwa hiyo sindano iliyo katika kalibu huweza kuisukuma fataki ikatoka. Ganda la Berdan kwa kawaida lina vitundu viwili visivyo vya katikati, na sindano hiyo ikilazimishwa humo huvunjika. Mfasiri ameyaacha majina haya kwa kuona hayana maana. Yarudishwe, maana ndiyo yanayomwambia mtu kama ganda lile analiweza au haliwezi.

Tano, kuhusu jina la mtambo wenyewe. Mfasiri ameandika "mashine ya kuchapia upya," ambayo itampeleka msomaji katika kiwanda cha magazeti. Mzee ameandika "kinu cha risasi," na kwa kuwa ndani yake kuna mchi, jina linavutia. Hata hivyo nalikataa kwa heshima zote. Kinuni watu hutwanga, na jambo ambalo halitakiwi kabisa katika kazi hii ni kutwanga: fataki husukumwa taratibu, haipigwi. Kushindilia nalo ni neno zuri la zamani, ila tuliachie gobore, ambalo ndilo hasa hushindiliwa kwa mdeki. Napendekeza mtambo wa kuundia upya risasi. Ni jina refu, lakini likitajwa mara moja mwanzoni, "mtambo" litatosha kwingineko.

Sita, kalibu ifafanuliwe. Wahunzi wetu hulitumia neno hili kwa chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka. Kwa kuwa katika fani hii viko vyombo viwili, tuseme kalibu ya kumiminia kwa kile cha kutengenezea vichwa, na kalibu ya kubania kwa kile kinachofungwa katika hesi ya mtambo.

Mwisho, neno moja kwa wafasiri wenzangu na walimu. Mzee huyu anaeleza kwamba siku za mwanzo alijifunza kwa maganda matupu, bila fataki na bila baruti. Alilisahau ganda moja bila kulipaka mafuta, likakwama katika kalibu, ikamchukua jioni nzima kulitoa. Tangu hapo hakusahau tena. Alipofikia kutia baruti, aliweka aina moja tu mezani, akaanza na kiwango cha chini cha jedwali lililochapishwa, na kila safu ya maganda aliimulika kwa taa aone kama baruti imelingana, lisiwepo lililotiwa mara mbili. Ndivyo ilivyotupasa kufanya nasi. Istilahi mpya ijaribiwe kwanza ikiwa tupu, mbele ya mtu anayeijua kazi, kabla ya kuitia nguvu ya kitabu kilichochapishwa.

Mswada nimeurudisha na mapendekezo haya. Nimeshauri sehemu ya pili ifasiriwe upya, na mfasiri akae na mzee huyo mbele ya mtambo, akiushika wenzo kwa mkono wake mwenyewe. Alama yangu ya kuikubali "punje" nimeifuta, na pembeni nimeandika sababu. Wasomaji wenye maneno ya fani hii, hasa waliopo karibu na wahunzi, mafundi wa bunduki na wawindaji wa zamani, wanaombwa watuletee, pamoja na maelezo ya namna kila kitu kinavyofanya kazi.